Mfarishi wa Mama Uko Gando

Kaka Hamad,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu mama alinilea hivyo, na wewe ni mkubwa wangu kwa miaka minne hata ukifanya mambo ya kitoto. Marahaba yako kaa nayo kwanza. Utanijibu ukimaliza.

Hali zenu huko Jadida? Wifi Asha hajambo, watoto hawajambo? Ile presha yako imeteremka? Kama imeteremka tafuta kiti ukae, maana barua hii sikuiandika kwa ajili ya kuiteremsha. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Baridi imeanza, magoti yananiuma nikipanda ngazi, lakini kazini naenda na usingizi napata, isipokuwa siku ninazolala nikikufikiria wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umeshanizoea. Nikianza kusema usiyoyataka, mara mtandao mbovu, mara wanaadhini, mara una kikao ofisini. Karatasi haina mtandao. Bi Ruzuna, mwanamke wa Chake tunayesali naye huku Ulaya, anakuja likizo na nitampa kifurushi chako. Nimemwomba asikukabidhi mpaka umuahidi kwamba utaisoma barua yote kabla hujafungua kilichomo. Yeye hamuogopi mtu, kwa hiyo usijaribu kumsemesha Kiofisi.

Nianze na agizo lako, usije ukasema nakuzulia. Ujumbe wako wa sauti ninao mpaka leo. Nimeusikiliza mara nyingi hata mwanamke ninayepanga naye, ambaye Kiswahili hakijui, anaweza kuiga mwendo wa sauti yako. Ulisema hivi: "Huko uliko si ndiko kwenye mifarishi ya viraka? Tafuta mweupe, wenye maduara, uliochakaa chakaa kidogo. Ukifika hapa tutamwambia mama ndio wake, umeshafuliwa. Mama haoni, Mwanakhamis. Hatojua."

Hatojua. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Hebu nikukumbushe mfarishi wenyewe, kwa kuwa naona umekutoka akilini. Mama alikuwa akiwashonea watu kofia za viua, ndivyo tulivyokula baba alipokuwa hai na ndivyo tulivyokula alipokufa. Kila kofia ilikuwa na duara lake la juu, kitambaa cheupe, na mama alilitoboa na kulizungushia uzi tobo kwa tobo mpaka maua yakatoka. Duara likiharibika, tobo likipasuka au ua likienda upande, mwenye kofia alilikataa, lakini mama hakulitupa. Alilitia kwenye mfuko wa unga uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango. Mfuko ulipojaa akayaunganisha maduara hayo, akaweka kitambaa cha chini, akatia sufi katikati, akashona juu mpaka chini, ukawa mfarishi wa kutosha kitanda cha kamba.

Kwa hiyo ule ni mfarishi wa makosa, Kaka, makosa yote ya miaka aliyotulea. Isipokuwa duara la katikati ya safu ya juu. Hilo halikuharibika. Ni la kofia ya Idi aliyokuwa akimshonea baba, na baba alikufa kabla ya kuiwahi Idi. Lilikatizwa pale pale lilipofika, nusu ina maua na nusu ni kitambaa kitupu. Na ubavuni mwake kuna maduara manne yenye maua yaliyopinda vibaya kuliko yote. Hayo manne nitakuja kuyasema, usiyasahau.

Huo ndio mfarishi ulioutoa ndani ya nyumba. Mama ulimwambia umepelekwa kufuliwa. Mimi uliniambia umeliwa na mchwa. Ungechagua uongo mmoja ukatugawia sote ingekuwa afadhali, kwa sababu tangu siku hiyo kila nikimpigia simu mama ananiuliza jambo moja: "Mfarishi wangu bado haujakauka?" Masika yamekwisha, jua limewaka mpaka watu wanalilalamikia, na mfarishi wa mama bado haujakauka. Mimi nikawa nababaika tu upande wa pili, sijui kama niseme mchwa au niseme mvua.

Na nilikuamini, mjinga mimi. Nilikupa hata pole ya mchwa. Kisha wifi Asha, ambaye hana hatia yoyote, akanitumia picha ya viti vipya mlivyonunua kwa ajili ya wageni wa posa ya binti yenu. Viti vizuri, sikatai. Lakini nyuma ya viti, barabarani, lilionekana gari la fundi seremala aliyevileta, na juu yake kabati la kioo la wifi linapelekwa kutengenezwa. Limefunikwa kitu cheupe na kufungwa kamba. Niliikuza picha kwa vidole viwili mpaka nikaliona duara la baba. Kamba ilikuwa imepita juu yake.

Nilipompigia wifi alidhani nimeshaambiwa, akanieleza bila kuficha. Fundi ni wa Gando. Kabati limeshatengenezwa na kurudi, mfarishi ulibaki kule kule kwa sababu ulimwambia fundi akae nao, na sasa anautandika chini ya mbao zake zisikwaruzike. Akasema uliona haya. Wageni wa kike wangeingia chumbani kumwamkia mama, nao ni watu wakubwa wa Unguja mjini, na wangemkuta mama yake bwana afisa amejifunika viraka. Ukamnunulia blanketi lenye picha ya chui. Wageni wakaja, wakala biriani, posa yao ikakubaliwa, wakaondoka. Nilimuuliza wifi kama kuna hata mmoja aliyetazama mama amejifunika nini. Akafikiri, akasema hakumuona hata mmoja.

Gando, Kaka. Si Muscat, si Nairobi. Mtu anatoka hapo kwenu Wete, anafika Gando, anarudi, na wali alioupalia makaa bado uko jikoni. Wewe una gari. Na badala ya kulitia ufunguo gari hilo, unanituma mimi nimtafutie mama mfarishi wa uongo Ulaya nzima.

Na mimi nikaenda kuutafuta. Sikufichi. Nilikwenda na nia mbaya kabisa, nayo ilikuwa ni nia ya kukutii.

Huku kuna wanawake wanaoshona mifarishi ya viraka, na mara moja kwa mwaka huifanyia maonyesho kwenye ukumbi mkubwa. Bi Doroti, mkubwa wangu kwenye chumba cha kufulia cha ile nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, ni mmoja wao. Nilimwambia namtafutia mama zawadi. Akafurahi, akanichukua kwa gari lake, na njia nzima ananieleza mishono. Sikumwambia kwamba zawadi yenyewe ni ya kumdanganyia aliyenizaa.

Kwetu ukisikia maonyesho unajua vitu vinauzwa. Nani atundike kitu ukutani, awatoze watu kiingilio wapange mstari kuja kukiona, kisha akatae kukiuza? Basi wale wanakataa. Mimi sikujua. Nilisimama mbele ya mfarishi mmoja mweupe nikaushika pembe, nikaufikicha kama unavyofikicha kanga dukani kuona kama itachuja. Akanijia mwanamke amevaa glavu nyeupe kama anakwenda kuosha maiti, akautoa mkono wangu pale kwa vidole viwili. Akaniambia haushikwi. Nikamuuliza bei. Akaniambia hauuzwi. Nikamuuliza sasa umekuja kufanya nini hapa. Swali hilo hakulipenda, na mimi nilikuwa nimetoka na hasira zangu nyumbani, kwa hiyo tulitazamana vizuri mpaka Bi Doroti akaja kunivuta.

Nikaona baadaye kazi ya wale wa glavu. Mtu akitaka kuona mgongo wa mfarishi humwita mmoja wao, naye huugeuza pembe kwa upole, watu wanainama kutazama jinsi uzi ulivyopita nyuma. Mgongo wa kitambaa unapewa heshima ile. Mgongo wa mama yetu umefunikwa chui wa dukani.

Mbele kidogo watu walikuwa wamejazana kwenye mfarishi mmoja ambao wala haukuwa mzuri. Rangi za kijivu na buluu, mistari mistari, basi. Bi Doroti akanisomea karatasi iliyobandikwa ubavuni. Bibi aliyeushona ni mjane. Mumewe alipokufa aliyakata mashati yake yote ya kazini akayaunganisha, na vifungo viwili vitatu akaviacha mahali pake. Ulikuwa umepewa utepe wa kwanza. Watu wazima walikuwa wakipangusa macho, mfarishi umewekewa na taa juu, na mwanamke wa glavu amesimama hapo anaulinda.

Mimi machozi sikuwa nayo. Nilikuwa naiona kamba ya fundi wako. Nilitamani nikukamate sikio nikulete mbele ya karatasi ile, nikusomee neno kwa neno, nguo za marehemu, viraka vitupu, na watu wametoka mbali kuja kuvitazama. Vya kwetu viko chini ya mbao, vinakusanya vumbi la msumeno, kwa sababu mwenye nyumba ana wageni.

Vinavyouzwa vilikuwa ukumbi wa nyuma. Hapo ndipo nilipohangaika. Kulikuwa na vitambaa vilivyokatwa tayari na kufungwa vifurushi, marobota ya pamba za kujazia, mikasi ya kila namna, nyuzi za rangi nisizozijua majina. Nilishika kimfarishi cha kitoto nikakiacha. Nilishika shuka la maua nikaliacha. Nikachukua kitambaa cheupe, dhiraa kadhaa, nikawaza nimshonee mama mwingine mimi mwenyewe, kisha nikaitazama mikono yangu ilivyovimba kwa maji ya kufulia, nikakirudisha. Bi Doroti alikuwa na subira kuliko mimi. Kila nilichokishika alinisifia, na kila nilichokiacha alikisifia pia.

Mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, palikuwa na mzee mmoja anauza mifarishi ya zamani, ya watu waliokufa na vyumba vyao kusafishwa. Nikaufunua wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukawa ndio uliouagiza. Mweupe. Wenye maduara. Umechakaa pembe mbili, si sana. Ungedhani yule mzee naye alipelekewa ule ujumbe wako wa sauti. Bei yake nilikuwa nayo mkobani.

Nikaomba kiti. Nikaulaza mapajani, nikafumba macho, nikapitisha vidole kama anavyopitisha mama akishakoga, akikaa kitandani kusubiri chai. Mfarishi wa mama ukiupapasa unakutana na vile vitobo, vigumu vidogo kama ufuta, mahali vimebanana na mahali vimeachana. Unajua hapa alikuwa na haraka ya kofia za Idi, hapa mmoja wetu alikuwa na homa. Huu ulikuwa laini kotekote. Mshono wa mashine, wa kwanza na wa mwisho sawasawa. Mimi ambaye vidole vyangu vimekufa ganzi kwa sabuni nilijua hapo hapo.

Na bado nilitaka kuununua. Usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mimbari. Nilijiambia mama mtu mzima, vidole vyake vinachoka, akishafunikwa atapata joto na joto ndilo analolitaka. Nilijiambia tukimwambia kweli atahuzunika, na huzuni ya bure ya nini kwa mtu wa umri ule. Maneno yako yote niliyatoa mimi mwenyewe, moja moja, kwa sauti yangu. Na mkoba nilikuwa nimeshaufungua.

Kilichonizuia ni kosa langu la zamani, ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka juzi pale kazini niliharibu blanketi la bibi mmoja. Lilikuwa la kufumwa kwa mkono, nikalitia kwenye maji ya moto, likatoka dogo kama taulo. Tukashauriana sote wa chumba cha kufulia, tukanunua jingine la rangi ile ile, nikamtandikia. Bibi yule akili zilikuwa zimeshamchanganyikia, hata jina la mwanawe lilikuwa linampotea. Tukasema hatojua. Ndiyo, Kaka, nasi tulilisema neno hilo. Akalipapasa juu, akalipapasa chini, akanitazama. "Ahsante, zuri sana hili," akasema. "Na langu liko wapi?"

Aliniuliza hivyo kila siku mpaka alipokufa. Hakuwa na hasira, aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa. Mwanawe alikuwa akija Jumapili, na akimsikia anauliza anamjibu kwa sauti ya juu, kama anayemjibu kiziwi, kwamba hilo ndilo lake, ni lile lile. Nilimchukia yule mwanamume, nikijua kwamba aliyeharibu ni mimi. Na wewe ulitaka tuje tuwe hivyo ndani ya nyumba aliyotuzalia mama, wewe wa kusema kwa sauti ya juu na mimi wa kutandika.

Nikaufunga mkoba. Yule mzee akaukunja mfarishi wake bila kuninunia, na Bi Doroti akaniuliza kulikoni, si ulikuwa mzuri. Basi nikamwambia yote pale pale nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza huko kwa fundi ni mbali kiasi gani na nyumbani. Nikamwambia. Akaniuliza, ndugu yako ana gari? Nikamwambia analo. Hakuniuliza jingine, na mimi nikaona haya kwa niaba yako mbele ya mtu asiyekujua.

Sasa ukishafika hapa nakuruhusu ufungue kifurushi, hata kama barua haijesha. Ndani utakuta pakiti ya sindano nyembamba, vibonge sita vya uzi mweupe, na subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Hivyo ndivyo nilivyonunua kwenye maonyesho, na sikuvinunua kwa ajili ya mama. Ni vyako. Subana niliijaribu kwenye kidole changu cha gumba ili ipate kukuingia kwenye cha kati.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye yale maduara manne. Labda umeyasahau, labda unajitia umeyasahau. Mama alitufundisha sote wawili kushona, wewe kwanza. Mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mama alilisema hilo mbele ya watu mpaka mimi nikawa nakuonea wivu. Kisha wenzako wa chuo cha Kurani wakakucheka kwamba unashona na wanawake, ukaitupa sindano ndani ya chungu cha majivu na hukuishika tena. Yale manne ndiyo ya mwanzo uliyoshona, ulikuwa na miaka minane, maua yake yameinama yote upande mmoja kama yamepigwa na upepo. Mama aliyaweka karibu na la baba kwa kusudi, na upande huo ndio anaouvuta mpaka kidevuni. Kwa hiyo siku ulipoona haya ya viraka, Kaka, uliuonea haya mkono wako mwenyewe.

Nenda Gando. Nenda wewe, usimtume dereva wala usimpigie fundi aulete. Mpe fundi shuka jingine la kutandika mbao, umwombe radhi kwa kumpa kisichokuwa chako. Uufue kwa mkono, uuanike kivulini, uupige sufi ifumuke. Palipochanika na kamba au kushikwa na misumari, keti ushone. Usimpe wifi, usimpe fundi charahani wa sokoni. Ukishona vibaya hakuna neno, utakuwa na wenzako humo.

Nisalimie ami Seif, ndugu wa baba, na umwambie ile dawa ya miguu nimemtafutia. Nisalimie mama mdogo Bi Mize, anayekuja kumsuka mama nywele kila Alhamisi, Mwenyezi Mungu amlipe, maana mimi siwezi. Bi harusi mtarajiwa umwambie shangazi yake anamuombea ndoa ya kheri, na kwamba aingie kwenye ndoa hiyo akijua nani alimshonea babu yake kofia. Wifi Asha usimgombeze kwa ile picha. Alikuwa anafurahia viti vyake.

Hapo nilikuwa nimeshaifunga barua. Nimeifungua tena.

Leo baada ya adhuhuri nilimpigia mama. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kweli, nisije nikawa nakugombeza wewe na mimi ninaufuga uongo ule ule. Akaniuliza kama kawaida kama mfarishi umekauka. Nikamwambia, "Mama, mfarishi haukupelekwa kufuliwa." Nikangoja alie.

Hakulia. Aliniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Najua, mwanangu. Mie nlikuwa macho. Kaingia baada ya adhuhuri, kadhani nimelala. Kauvuta polepole kutoka miguuni. Nkanyanyua kisigino kidogo usije ukakwama, nkajitia nimelala, asije akaona haya."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini kila siku anauliza kama umekauka. Akasema, "Nampa njia. Siku akitaka kuurudisha awe na la kusema."

Akaniomba nisikwambie. Nikamwitikia labeka, mama. Na hapa nakwambia, kwa sababu mimi si mama, na sikujaaliwa subira yake. Miezi yote hii ulidhani unamficha kipofu, naye ndiye aliyekuwa akikuficha wewe.

Kwa hiyo ukishamaliza kuushona, ngoja baada ya adhuhuri, wakati ule ule. Ingia chumbani peke yako. Umtoe yule chui, umfunike mama mfarishi wake, upande wa baba uwe kidevuni. Utamkuta amelala. Ukifika miguuni, kisigino kitanyanyuka kidogo kukupisha. Mwambie tu kwamba umekauka.

Ukitoka humo ndani ndipo unijibu marahaba.

Mdogo wako,
Mwanakhamis